Miaka kumi kwa kampuni moja ya simu: Mkulima hupata nini?

MKULIMA wa nyanya wa Mwea, Kaunti ya Kirinyaga, anaweza kubadilisha aina ya mbegu msimu huu, akahama duka la dawa msimu ujao na kumwacha dalali aliyempunja mwaka jana. Kitu kimoja ambacho hathubutu kukibadilisha ni nambari yake ya simu. Nambari hiyo ndiyo iliyohifadhiwa na wanunuzi wa soko la Wakulima jijini Nairobi na la Kongowea, Mombasa. Ndiyo iliyoandikwa kwa rangi kwenye kreti zake. Ndiyo inayopokea malipo, na ndiyo inayompa mkopo mdogo wa kununua dawa wakati ukungu unapovamia shamba.

Hali ni hiyo hiyo kwa mama mboga, mwenye kibanda cha mitumba, fundi wa pampu za maji na mwenye pikipiki anayebeba maziwa hadi kwenye chama cha ushirika. Mteja akipiga simu akakosa kumpata, humpigia jirani yake. Kupoteza nambari ni kupoteza soko.

Kampuni za simu zinalijua jambo hili. Mteja asiyeweza kuondoka hana haja ya kubembelezwa. Ndiyo maana ofa nono mara nyingi humlenga mteja mpya au yule aliyeacha kutumia laini yake kwa muda, huku aliyekaa miaka kumi bila kukosa siku akiendelea kununua kwa bei ya kawaida. Je, uaminifu huo una thamani gani kwa shilingi, na unamgharimu mwenyewe kiasi gani? Majibu yanapatikana kwa hesabu ambayo kila mfanyabiashara anaweza kuifanya kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lake la mauzo.

Mkataba usio na saini

Wakenya wengi hawajawahi kutia saini mkataba wa simu wa miezi 12 au 24. Zaidi ya laini tisa katika kila kumi nchini ni za kulipia kabla ya kutumia. Mtu hununua kredi ya Sh20 leo, na kesho asiponunua hakuna anayemdai. Kwa kutazama haraka, mteja wa namna hii yuko huru kama ndege.

Ukweli ni tofauti. Mteja huyo amefungwa kwa kamba kadhaa ambazo hazikuandikwa kwenye karatasi yoyote aliyotia saini. Kamba ya kwanza ni nambari yenyewe. Ya pili ni pesa zilizo kwenye simu pamoja na watu aliozoea kulipana nao kwa njia hiyo. Ya tatu ni kikomo cha mkopo, ambacho hukua polepole kadiri laini inavyotumika. Ya nne ni pointi za zawadi alizolimbikiza. Na siku hizi imeongezeka ya tano, nayo ni simu aliyoichukua kwa kulipa kidogo kidogo.

Serikali ilijaribu kuilegeza kamba ya kwanza. Mnamo Aprili 2011 Kenya ilianzisha utaratibu wa mteja kuhama kampuni na nambari yake. Ilitarajiwa kwamba ushindani ungepamba moto na kampuni zingelazimika kuwatunza wateja wao wa zamani. Hata hivyo, waliohama kwa njia hiyo walikuwa wachache mno.

Sababu kuu haikuwa vigumu kuiona. Nambari iliweza kuhama, lakini akaunti ya pesa haikuhama nayo. M-Pesa, iliyoanzishwa na Safaricom mnamo Machi 2007, ilikuwa tayari imekuwa mkoba wa wakulima na wachuuzi. Aliyehama na nambari yake aliuacha mkoba huo nyuma. Badala ya kuhama, Wakenya wengi waliamua kununua laini ya pili, na uamuzi huo una faida zake, kama itakavyoonekana hapa chini.

Kuna jambo moja la kutia moyo katika historia hii. Wateja waliopata nambari za 0733 kutoka Kencell miaka ya mwanzo ya 2000 walishuhudia kampuni hiyo ikiitwa Celtel mnamo 2004, Zain mnamo 2008 na Airtel mnamo 2010. Wenye kampuni na rangi za mabango vilibadilika, lakini nambari zikabaki zile zile. Kampuni ya yu, iliyoingia sokoni mwaka wa 2008, iliondoka mwaka wa 2014 na wateja wake wakahamishiwa Airtel. Kwa mfanyabiashara, kinachostahili kulindwa kwanza ni nambari, na jina la kampuni hufuata baadaye.

Pointi zina thamani gani?

Zawadi ya uaminifu inayojulikana zaidi nchini ni pointi. Katika mpango wa Bonga wa Safaricom, mteja hupata pointi moja kwa kila Sh10 anazotumia. Pointi hizo hubadilishwa kwa dakika za kupiga simu, arafa, data, bidhaa au malipo dukani.

Chukua mfano wa mchuuzi wa viazi wa Nyandarua anayetumia Sh500 kila wiki kwa kredi na bando. Kwa mwaka hizo ni Sh26,000, nazo zinampa pointi 2,600. Iwapo kila pointi itabadilishwa kwa thamani ya senti 20, basi zawadi yake ya mwaka mzima ni Sh520. Hiyo ni asilimia 2 ya alichotumia, yaani pungufu ya bei ya kuku mmoja wa kienyeji.

Sh520 si kitu cha kutupwa, lakini pia si sababu ya kukaa pahali ghali. Ikiwa kampuni nyingine inauza dakika zile zile kwa bei iliyo chini kwa asilimia 20, mchuuzi huyo angeokoa Sh5,200 kwa mwaka. Anayekataa kuitazama bei hiyo kwa kuogopa kupoteza pointi anaacha Sh5,200 ili apate Sh520.

Isitoshe, masharti ya pointi huandikwa na kampuni, na kampuni inaweza kuyabadilisha. Mwaka wa 2022 Safaricom ilitangaza mpango wa kufuta pointi zilizokaa zaidi ya miaka mitatu bila kutumiwa, tangazo lililozua malalamiko kutoka kwa wateja. Funzo lililopatikana ni kwamba pointi si akiba ya benki. Hazizai riba, na mwenye funguo za ghala ni mtu mwingine. Afadhali kuzitumia mapema, hasa kulipia kitu ambacho mtu angekinunua hata hivyo, kuliko kuzilimbikiza kama mahindi yasiyotiwa dawa ya dumuzi.

Mkopo wa kredi unaomeza zawadi

Wapo wengi wanaofurahia pointi kwa mkono mmoja huku wakizirudisha kwa mkono mwingine bila kujua. Njia kubwa ya kuzirudisha ni mkopo wa kredi. Huduma ya Okoa Jahazi, iliyoanza mwaka wa 2009, hutoza asilimia 10. Anayekopa kredi ya Sh100 hupata Sh90, na anaponunua kredi nyingine hukatwa Sh100 kamili.

Sh10 inaonekana ndogo. Lakini mchuuzi anayekopa Sh100 mara mbili kwa wiki hulipa ada hiyo mara 104 kwa mwaka. Jumla yake ni Sh1,040, ambazo ni mara mbili ya zile Sh520 alizopata kama zawadi ya uaminifu.

Ikumbukwe pia kwamba mkopo wenyewe ni wa muda mfupi. Mtu anayekopa jioni na kulipa asubuhi amelipa Sh10 kwa kutumia Sh90 usiku mmoja. Hakuna chama wala Sacco inayotoza riba ya namna hiyo. Mkopo huo una maana wakati kuna mnunuzi anayesubiri jibu na mzigo uko barabarani. Ukigeuka kuwa mazoea ya kila wiki, unakuwa kodi anayojitoza mtu mwenyewe.

Tiba yake ni rahisi: kutenga pesa za simu siku ya mauzo kama vile zinavyotengwa za nauli na za ushuru wa soko. Mchuuzi akinunua kredi ya wiki nzima Jumatatu, hatakuwa na haja ya kuokoa jahazi Alhamisi.

Bando inayooza

Mkulima anajua kwamba bidhaa inayooza haina bei sawa na inayokaa. Kabichi ya leo ikilala hadi kesho hupungua thamani. Bando za simu ni vivyo hivyo. Bando ya siku moja huonekana rahisi kwa sababu kampuni inajua kuwa wengi hawataimaliza.

Tuseme bando ya Sh50 ina dakika 50 za kutumiwa kwa saa 24. Kwenye tangazo, kila dakika ni Sh1. Mkulima akitumia dakika 10 tu na nyingine zikapotea usiku, basi kila dakika aliyozungumza imemgharimu Sh5. Bei halisi ya bando haitokani na dakika zilizonunuliwa, bali na zile zilizotumiwa.

Malalamiko kuhusu bando zinazoisha muda yalifika hadi mbele ya sheria, na mnamo Oktoba 2019 Safaricom ilianzisha bando zisizo na tarehe ya mwisho. Bando hizi kwa kawaida huonekana ghali zikilinganishwa na za siku moja, kwa hivyo swali la ipi bora hutegemea kalenda ya shamba.

Wiki ya kuvuna, mkulima hupiga simu tangu alfajiri: kwa wavunaji, mwenye lori, dalali na wanunuzi watatu ili kulinganisha bei. Siku hizo bando ya siku moja inamfaa kwa sababu ataimaliza. Katikati ya msimu, anapopalilia na kunyunyizia dawa, huenda akapiga simu tatu kwa siku. Wakati huo bando isiyoisha muda ndiyo yenye nafuu. Anayenunua bando aina moja mwaka mzima kwa sababu ndiyo aliyoizoea hulipia dakika zinazoozea ghalani.

Gharama ya kubadilisha simu

Simu ya kabambe hupokea na kutuma pesa, na betri yake hukaa siku kadhaa bila kuchajiwa. Lakini bei za masoko, picha za bidhaa, makundi ya wanunuzi kwenye WhatsApp na mafunzo ya kilimo sasa vinahitaji simu yenye intaneti. Hapo ndipo mkulima anapokutana na gharama ambayo hakuizoea.

Ushuru umechangia kupandisha na kushusha bei ya simu nchini. Mwaka wa 2009 serikali iliondoa ushuru wa VAT kwa simu za mkononi, na mwaka wa 2013 ikaurudisha. Mwaka wa 2022 ukaongezwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwa simu zinazoagizwa kutoka nje. Kiwanda cha kuunganisha simu kilichofunguliwa Athi River mnamo Oktoba 2023 kilianza kwa kutoa simu ya 4G iliyouzwa Sh7,499. Kwa mkulima mdogo, hizo bado ni pesa za mbolea ya msimu.

Kwa sababu hiyo, mipango ya kulipa kidogo kidogo imepokelewa kwa mikono miwili. Mnamo Julai 2020 Safaricom na Google zilianzisha mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, ambapo mteja alilipa malipo ya kwanza kisha Sh20 kwa siku. Kampuni ya M-Kopa, iliyoanza kwa kuuza taa za sola kwa malipo ya kila siku, nayo iliingia katika biashara ya simu. Mteja asipolipa, simu hujifunga yenyewe hadi atakapolipa.

Mipango hii imewawezesha watu wengi kupata simu ambazo wasingezipata. Hata hivyo, malipo madogo ya kila siku huficha bei kubwa. Tuseme simu inauzwa Sh7,500 kwa pesa taslimu. Kwa mkopo, mteja anatakiwa kutoa Sh1,500 kwanza, kisha Sh50 kila siku kwa siku 270. Malipo ya kila siku yatafika Sh13,500, na ukijumlisha na yale ya kwanza, simu itakuwa imemgharimu Sh15,000. Bei imekuwa maradufu.

Mtu huyo huyo angeweza kuweka zile Sh1,500 na kuongeza Sh50 kila siku kwenye chama. Baada ya siku 120 angekuwa na Sh7,500 na kununua simu hiyo bila deni. Kwa maneno mengine, aliyechukua mkopo amelipa Sh7,500 zaidi ili aipate simu siku 120 mapema. Hiyo ni zaidi ya Sh62 kwa kila siku.

Hapa ndipo uamuzi unapopaswa kufanyiwa. Je, simu hiyo itamletea faida ya zaidi ya Sh62 kila siku katika miezi hiyo minne? Kwa muuza mitumba anayetangaza nguo zake kwa picha na kupelekea wateja kwa pikipiki, huenda ikaleta zaidi ya hapo, na mkopo ukawa na maana. Kwa mkulima anayetaka simu hiyo kwa sababu ile ya zamani imechakaa vitufe, jibu laweza kuwa kungoja.

Malipo ya kila siku na mapato ya msimu

Kuna jambo jingine linalosahaulika. Mipango hii imetengenezwa kwa mtu anayeshika pesa kila siku, kama mwenye bodaboda au mwenye kioski. Mkulima hashiki pesa kila siku. Nyanya huchukua karibu miezi mitatu tangu miche ihamishiwe shambani hadi mavuno ya kwanza. Viazi huchukua miezi mitatu hadi minne. Mfugaji anayeuza maziwa kupitia ushirika mara nyingi hulipwa mwisho wa mwezi.

Kwa siku 90 za kungoja nyanya, malipo ya Sh50 kwa siku ni Sh4,500 zinazotoka kabla ya kreti hata moja kuuzwa. Pesa hizo zitatolewa kwenye fungu la dawa au la vibarua. Zikikosekana, simu itajifunga, na yaweza kujifunga juma lile lile wanunuzi wanapoanza kuulizia mzigo.

Mkulima anayeamua kuchukua simu kwa mkopo anashauriwa kuichukua mara tu baada ya mavuno, alipe siku nyingi mbele iwapo mpango unaruhusu, na asiiuze wala kuitupa kabambe yake. Kinachofungwa ni simu, wala si laini. Simu ikijifunga, laini inaweza kutolewa na kutiwa kwenye kabambe, na wanunuzi wakaendelea kumpata kwa nambari ile ile.

Kabla ya kukubali, aandike majibu ya maswali manne: bei ya taslimu ni ngapi, jumla ya malipo yote ni ngapi, akimaliza mapema atapunguziwa, na simu ikiharibika kabla ya deni kuisha nani atabeba hasara. Muuzaji asiyeweza kuyajibu maswali hayo hastahili malipo ya kwanza.

Kwa wenzetu wa mikataba

Wapo wanaodhani kwamba katika nchi tajiri, ambako wateja wengi hutia saini mikataba, mteja mwaminifu hutunzwa vizuri zaidi. Yaliyotokea Uingereza yanaonyesha vingine.

Huko, mkataba wa miezi 24 mara nyingi ulijumlisha bei ya simu na bei ya matumizi katika malipo mamoja ya mwezi. Miezi hiyo ilipokwisha, simu ilikuwa imelipiwa yote, lakini mteja asiyesema lolote aliendelea kukatwa kiasi kile kile. Mwezi Septemba 2018 shirika la kutetea watumiaji, Citizens Advice, liliwasilisha malalamiko rasmi kwa mamlaka ya ushindani. Lilikadiria kwamba wateja waaminifu katika masoko matano, yakiwemo ya simu za mkononi, intaneti ya nyumbani na bima ya nyumba, walikuwa wakilipa pauni bilioni 4.1 zaidi kila mwaka. Tangu Februari 2020 kampuni za mawasiliano za huko zinalazimika kumwarifu mteja kabla mkataba wake haujaisha na kumweleza bei nafuu alizo nazo.

Nchini Marekani, kampuni ya T-Mobile iliachana na mikataba ya miaka miwili mnamo 2013, na nyingine kubwa zikafuata katika miaka mitatu iliyofuata. Bei ya simu ikatenganishwa na bei ya matumizi, na mteja akaanza kuona analipia nini.

Somo kwa Kenya ni lile lile, iwe kwa laini za kulipia baadaye ambazo baadhi ya wafanyabiashara huzitumia au kwa simu za mkopo. Mteja atenganishe bei ya kifaa na bei ya matumizi, na ajue tarehe ambayo deni la kifaa linaisha. Siku hiyo ndiyo siku ya kuketi na kulinganisha upya.

Nambari ibaki, matumizi yahame

Nchini Kenya anayepiga simu ndiye anayelipa. Kupokea ni bure. Jambo hili ambalo kila mtu analijua lina maana kubwa kibiashara. Nambari ambayo wanunuzi wanaijua haina gharama kubwa kuitunza, kwa kuwa kazi yake kubwa ni kupokea. Gharama iko kwenye kupiga, na kupiga hakulazimiki kufanywa kwa laini hiyo.

Kwa hivyo mkulima anaweza kuiacha laini yake ya zamani ipokee simu na malipo, kisha akaweka laini ya pili kwenye simu ya laini mbili kwa ajili ya kupiga na kutumia data pale bei inapokuwa nafuu. Hapo uaminifu wake haujavunjika wala soko lake halijapotea, lakini kila wiki ana uhuru wa kuchagua.

Zamani mpango huu ulikuwa na kikwazo kikubwa, kwani kupiga simu kwenda mtandao mwingine kulikuwa ghali. Kampuni hulipana ada kwa kuunganishiana simu. Mwaka wa 2010 ada hiyo ilipunguzwa kutoka Sh4.42 hadi Sh2.21 kwa dakika, na vita vya bei vikazuka mwaka huo huo. Iliendelea kushushwa hadi senti 99, kisha senti 58 mnamo Agosti 2022, na senti 41 mnamo Machi 2024. Ada inapopungua, umuhimu wa kuwa mtandao mmoja na mnunuzi nao hupungua.

Upande wa pesa pia umelegea kiasi. Tangu 2018 inawezekana kutuma pesa moja kwa moja kutoka M-Pesa hadi Airtel Money na kinyume chake. Hata hivyo, mfanyabiashara alinganishe ada za kutuma na za kutoa, na ahakikishe kuna wakala karibu naye.

Laini ya pili ina masharti yake. Kwanza, mtandao ujaribiwe shambani, ghalani na njiani kuelekea sokoni kabla ya kuutegemea. Bando rahisi isiyoshika mtandao bondeni ni hasara. Pili, wanunuzi wakuu waarifiwe kwa arafa kuhusu nambari hiyo, kwa kuwa wengi hawapokei simu za nambari wasizozijua. Tatu, kila laini itumiwe mara kwa mara, kwani inayolala kwa muda mrefu huweza kufungwa na nambari yake kupewa mtu mwingine.

Muhimu zaidi, laini ya biashara isajiliwe kwa kitambulisho cha mwenye biashara. Wapo wakulima wanaotumia laini zilizosajiliwa kwa jina la mtoto, shemeji au mfanyakazi aliyeondoka zamani. Siku ya ugomvi, au simu ikiibwa, kampuni humtambua aliyesajiliwa, na biashara ya miaka kumi yaweza kuishia mikononi mwa mtu mwingine.

Kikomo cha mkopo kisiwe pingu

Kamba iliyo ngumu kukatwa ni ya mkopo. Tangu M-Shwari ianze mwaka wa 2012 na Fuliza mwaka wa 2019, wafanyabiashara wadogo wengi wamejenga sifa ya kukopa kupitia laini moja. Sifa hiyo haihamishiki hadi kampuni nyingine kama nambari inavyohamishika. Anayeondoka huanza upya kama mgeni.

Njia ya kujikinga ni kutoiweka sifa yote kapu moja. Mwenye biashara anaweza kuomba taarifa ya miamala yake ya simu na kuiwasilisha kwa Sacco au chama cha ushirika kama ushahidi wa mauzo. Akiweka akiba huko hata kidogo kila mwezi, atakuwa na mlango wa pili wa kukopa, na hatalazimika kuvumilia masharti ya kampuni kwa sababu tu ndiyo inayomkopesha.

Mteja anayeona ameonewa ana pa kulalamikia. Kanuni za kulinda watumiaji wa huduma za mawasiliano zilitolewa mwaka wa 2010, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Mawasiliano (CA), ambayo awali ilijulikana kama Tume ya Mawasiliano (CCK). Malalamiko huanzia kwa kampuni yenyewe, na yasipotatuliwa hupelekwa kwa mamlaka hiyo. Upande wa ada za pesa, ni Mamlaka ya Ushindani iliyoagiza mwaka wa 2016 kwamba mteja aonyeshwe gharama kabla ya kukamilisha muamala. Mlalamishi aandike tarehe, saa, kiasi alichokatwa na nambari ya lalamiko aliyopewa. Bila maandishi hayo, kesi nyingi huishia kwenye simu ya huduma kwa wateja.

Kwa kuanzia, mkulima au mfanyabiashara anaweza kufungua ukurasa mmoja wa daftari na kuandika kwa mwezi mmoja kila shilingi inayoenda kwa simu: kredi, bando, ada za mikopo na malipo ya kifaa. Mwisho wa mwezi alinganishe jumla hiyo na zawadi alizopata, kisha aulize bei za kampuni nyingine mbili. Zikizidi kidogo tu, abaki alipo na moyo mtulivu. Zikiwa chini kwa kiasi cha kununua mfuko wa mbegu, basi nambari ibaki pale pale, lakini pesa za kupiga simu zipelekwe kwingine.